Mapambo ya Krismasi ya kutengeneza na watoto nyumbani: magamba ya samaki, unga wa chumvi, magugu maji na vitenge

Shule zikifungwa tu mwanzoni mwa Desemba nyumbani kwangu Kirumba, Mwanza, panajaa watoto, wangu watatu, wawili wa dada yangu wanakuja toka Magu, na wa majirani wanaingia na kutoka. Mvua nazo ndo zimeshika, leo jua kali, kesho wingu limekaa ziwani toka asubuhi. Miaka sita sasa mapambo ya mti wa Krismasi tunatengeneza wenyewe, na kila anayeniuliza tunafanyaje namwambia kitu kimoja kabla hata sijataja gundi na rangi: kazi yote iko kwenye kukausha. Kukata, kupaka, kubandika, hayo watoto wanayaweza hata ukiwa jikoni unapika, lakini pambo ambalo halijakauka mpaka ndani litaota ukungu au litalegea lidondoke kabla ya tarehe 25, na huku kando ya ziwa mwezi huu hilo halichelewi.

Nimejua hivyo kwa machungu. Mwaka wa kwanza tulifanya malaika na nyota za unga wa chumvi, nikazigusa juu nikaona ngumu nikaridhika, tukatundika tarehe 20. Ikanyesha siku mbili mfululizo. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo asubuhi ya mkesha nikamkuta malaika wa binti yangu wa katikati amelowa mwili mzima kama mtu aliyetoka kulima, mguu umevutika mpaka ukakatika, uko chini kwenye sakafu. Alilia sana, na mimi iliniuma kwa sababu alikaa na huyo malaika siku mbili nzima akimchora nywele moja moja kwa kijiti cha kiberiti. Kwa hiyo kila pambo ninaloandika hapa nalitaja na muda wake wa kukauka, na naanza na kile kinachochukua siku nyingi.

Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 25. Magugu maji yanataka wiki nzima, wakati mwingine zaidi. Magamba siku mbili tatu. Unga wa chumvi ni siku nne tano za jua au nusu siku kwenye jiko. Vitenge havingoji kitu. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya Desemba tunaanika magugu, wiki ya pili magamba na unga, wiki ya tatu ndo kupaka rangi na kushona, na siku ya kusimamisha mti kila kitu kiko tayari kwenye sinia.

MAGUGU MAJI. Haya ni mmea wa ziwani usioisha, na shina lake likikauka linakuwa jepesi na laini kama kamba, watu wanasukia vikapu na mikeka. Sisi tunasukia duara la kutundika mlangoni na vinyota vidogo. Ila hapa nisikilize vizuri mzazi mwenzangu: usitume mtoto kuyachuma. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani majani ndo konokono wa kichocho wanapokaa, vile vijidudu vinapenya kwenye ngozi mtoto akisimama tu majini, hata bila kunywa maji, na sehemu nyingine kuna mamba na kiboko wanajificha humo humo. Mi naomba vijana wa mitumbwi waniletee, wanayatoa kila siku kwenye nyavu zao, nawapa hela ya soda. Chagua yale marefu, yenye shina refu kama mkono wako kutoka kiwiko, yale mafupi yaliyovimba kama puto achana nayo hayasukiki. Kata majani na mizizi, osha, pangusa, tandaza kwenye bati au jamvi bila kulaliana na yageuze kila jioni, mvua ikija ingiza ndani. Yakiwa yamekauka sawasawa yanabadilika rangi yanakuwa ya kahawia na ukilikunja shina halitoi unyevu hata kidogo. Siku ya kusuka yafute na kitambaa kibichi ili yasikatike, mtoto wa miaka saba nane anasuka ule msuko wa nywele wa kawaida wa tatu, ukifika urefu wa mkono mmoja unaukunja duara unafunga kwa uzi wa nyavu. Uache tena siku mbili ukauke kwa sababu umeulowesha. Wengi wanasahau hapo na duara linaota ukungu mweusi kwa ndani.

Sasa MAGAMBA, hapa ndo moyo wangu ulipo.

Sijaona mahali pengine mtu akitundika magamba ya sato kwenye mti wa Krismasi na sijui kwa nini, kwa sababu hakuna kitu kinachoshika mwanga namna ile, na sisi huku tunayamwaga kwa ndoo. Siku ya kwanza nilienda kwa mama mmoja anayepara samaki mwaloni, mtu mzima, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," akaitikia akiendelea kupara. Nikamwambia naomba magamba. Akanyanyua kichwa, "Magamba? Ya kazi gani mwanangu?" Nikamwambia ya kufanya maua ya Krismasi na watoto. Akanyamaza kidogo, afu akasema, "Basi chukua ya huyu sangara, ya sato ni madogo, maua yatakuwa ya kitoto." Akanijazia mfuko. Mwaka uliofuata nilimpelekea ua moja, alilitundika kwenye banda lake mpaka Pasaka, na siku hizi nikifika ananiwekea pembeni yale makubwa bila kuomba.

Ukweli yote mawili yanafaa. Ya sangara mkubwa ni mapana, ya kufanyia mabawa ya malaika na maua makubwa. Ya sato ni kama ukucha wa kidole gumba, ya kufanyia mipira na nyota. Kabla hujafanya chochote mpe kila mtoto gamba moja aliinue kwenye mwanga wa dirisha aliangalie karibu. Upande ule uliokuwa umezama kwenye ngozi utaona mistari imetawanyika kama upepeo, na gamba zima lina viduara vyembamba vimezungukana kimoja ndani ya kingine, vinaongezeka samaki anavyokua, na wataalamu wa samaki wanavitumia kukadiria umri wake. Mpwa wangu alikaa na gamba moja karibu dakika kumi anahesabu na hakutaka mtu amsemeshe.

Kusafisha. Maji yawe baridi toka mwanzo mpaka mwisho, hili usilibadilishe. Maji ya moto yanayapika magamba, yanajikunja na kunatana kama gundi na hapo hakuna cha kuokoa. Yaweke kwenye beseni, yaoshe maji matatu au manne mpaka ule utelezi utoke, afu mwagia chumvi konzi moja kubwa, koroga, yalaze usiku kucha. Asubuhi mwaga, weka sabuni ya unga kidogo, sugua kwa viganja kama unavyosugua mchele, suuza, kamulia ndimu mbili, yaache nusu saa, suuza tena. Nusa. Kama bado yananukia samaki rudia ndimu, usijiambie kwamba yakikauka harufu itaisha, haiishi, inangoja siku ya unyevu. Watoto wanapenda sana hii kazi ya kusuguana na beseni, ila waangalie wasipeleke mikono machoni wakati wa ndimu.

Kama unataka kuyapitisha uzi, toboa sasa hivi yakiwa bado mabichi, sindano inaingia bila shida. Yakikauka yanakuwa magumu na yanapasuka. Kutoboa nafanya mimi na yule mkubwa wa miaka kumi na mbili, wadogo wanapanga.

Rangi pia inaingia yakiwa mabichi. Maji ya uvuguvugu tu, glasi moja, rangi ya chakula kidogo na kijiko kimoja cha siki, siki ndo inafanya rangi ishike, zamisha magamba dakika ishirini, toa suuza. Nyekundu inatoka vizuri sana, kijani inatoka kidogo kama ya kuchuja. Ila usipake yote, angalau nusu acha na rangi yake, ule weupe wake wa lulu ukikaa kati ya nyekundu unapendeza kuliko rangi yoyote utakayonunua.

Kukausha magamba ni kivulini penye upepo, sio juani. Jua kali linayakunja yanakuwa kama vikombe. Tandaza juu ya kitambaa, funika na kipande cha chandarua cha zamani maana nzi na paka watakuja tu. Ukitaka yakae bapa, yakishapoteza maji ya juu yalaze katikati ya magazeti weka kitabu kizito juu, badilisha gazeti jioni na asubuhi. Ya maua mi nayaacha yajikunje kidogo yenyewe, ndo yanaonekana kama petali. Yamekauka lini? Chukua mawili ugonganishe, yakilia kama kucha kwenye glasi yako tayari, kama hayana sauti bado.

Ua linatengenezwa hivi. Kata duara la boksi, ukubwa wa kizibo cha soda au zaidi kidogo. Paka gundi nyeupe ya seremala, anzia nje, panga magamba makubwa kuzunguka ukingo yakichomoza nje, kila moja likikalia mwenzake kidogo kama mabati ya nyumba, mzunguko wa pili ingia ndani na weka madogo, wa tatu ndani zaidi, katikati malizia na ushanga au mbegu ya tikiti iliyopakwa rangi. Kati ya mzunguko na mzunguko ngoja gundi ishike, watoto hawapendi kungoja kwa hiyo kila mmoja afanye maua matatu kwa zamu, akimaliza mzunguko wa kwanza wa ua la tatu lile la kwanza limeshashika. Mpira nao ni hivyo hivyo, finyanga gazeti liwe duara, lizungushie uzi mwingi likaze, na hapo magamba anza CHINI upande juu, ukianza juu yatakaa kinyume na mpira utaonekana kama umechakaa. Juu kabisa acha kitanzi cha mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni unaong'aa, hauonekani na mpira unakuwa kama unaelea wenyewe.

UNGA WA CHUMVI. Vipimo ni vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi ya kusaga, na maji kikombe kimoja lakini yamimine kidogo kidogo usiyamalize kama hayahitajiki. Chumvi ya mawe isage kwanza, ikibaki na chembe kubwa inaacha mashimo. Kanda dakika kumi kabisa, mpaka uwe kama unga wa chapati ambao haugandi mkononi. Ukipasuka pembeni ongeza maji kwa ncha za vidole, ukinata ongeza unga. Sukuma uwe mwembamba kama nusu sentimita, usizidi, hapa ndo kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa, malaika walikuwa wanene kama mkate na mnene haukauki katikati hata ufanyeje.

Maumbo waachie wenyewe. Mi huwa nakata nyota tatu nne kuonyesha na naondoka. Tunapata mitumbwi yenye tanga, sato wenye macho makubwa, korongo, mwaka mmoja lile jiwe la Bismarck la hapa ziwani na maji chini yake, na baada ya lile daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa 2025 mtoto wangu wa mwisho alifanya daraja lenye nguzo, lilikuwa refu mno kutundika kwa hiyo tuliliweka chini ya mti kwenye pango. Tundu la uzi toboa kwa mrija wa soda kabla ya kukausha, mbali na ukingo kama upana wa kidole, tundu likikaa ukingoni panapasuka. Na wadogo wasionje, chumvi iliyomo ni nyingi mno, na usiache donge lake sehemu mbwa anafikia, linaweza kumuua.

Kama una ovini, moto mdogo kabisa, kwenye nyuzi 100 hivi, saa mbili mpaka tatu, geuza katikati. Sisi wa jiko la mkaa tunafanya kama unavyooka keki: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, juu ya mchanga sahani ya bati yenye mapambo, funika, mkaa kidogo sana chini na vipande vichache vya moto juu ya mfuniko. Moto ukizidi yanafura mapovu na kuwa ya kahawia. Fungua kila baada ya nusu saa toa ule mvuke, mvuke ukibaki ndani unayapika badala ya kuyakausha. Kwa jua ni siku nne tano, kugeuza asubuhi na mchana, na kuingiza ndani kila jioni kabla unyevu wa ziwa haujapanda, ukiyaacha nje usiku mmoja tu umepoteza siku nzima. Kujua kama yamekauka usiguse juu kama nilivyofanya mimi, yagonge kwa kijiko upande wa nyuma: yakilia kama kigae yamekauka, yakilia kama mkate rudisha. Pima na uzito pia, pambo lililokauka ni jepesi mkononi na halina ubaridi, ukiliweka shavuni likawa la baridi ujue bado lina maji.

Rangi ni baada ya hapo tu, na ikikauka piga vanishi pande zote mbili, na ncha ya brashi iingie mpaka ndani ya lile tundu, maana unyevu unaanzia pale pale uliposahau. Kama huna vanishi, rangi ya kucha ile isiyo na rangi inafanya kazi hiyo hiyo kwa mapambo machache, fungua madirisha na wadogo wakae mbali na harufu. Toka tumeanza kufunga mpaka tundu hatujapoteza hata moja kwa mvua.

VITENGE sitakawia. Nenda kwa fundi cherehani yeyote mwezi wa kumi na mbili, ana mfuko wa vipande vya sare za sikukuu anakupa bure au kwa hela ndogo. Kata nyota mbili, shona zikitazamana ndani nje ukiacha uwazi wa vidole viwili, geuza, jaza pamba, ziba. Ncha za nyota zisukume kwa kijiti butu ndo zinatoka kali. Wanaojifunza kushika sindano waanze na moyo au samaki, nyota ina kona nyingi inawakatisha tamaa. Pamba ndo hii ya Usukumani kwetu, ukipata mbichi toa mbegu na watoto, na inayobaki ichambue nyembamba uilaze juu ya matawi. Vizibo vya soda vipigwe bapa kwa jiwe na mtu mzima, vitobolewe kwa msumari, vipakwe, vifungwe vitano vitano, vinalia upepo ukipita.

Mti wenyewe sisi tunatumia tawi la msonobari au mvinje kwa mtu aliyepogoa miti yake, unalisimamisha kwenye ndoo, mawe makubwa matatu yanalishikilia shina na nafasi inayobaki unajaza mchanga. Mawe Mwanza yapo kila ua kwa hiyo ndoo yako haitaanguka. Mazito weka karibu na shina, yale ya unga, na magamba yaende nje kwenye ncha za matawi na upande wa dirishani. Mshumaa usisogee hapo, magugu makavu na pamba vinashika moto kwa sekunde, taa ndogo za umeme zinatosha, na jioni jua likizama upande wa ziwa mwanga wake ule wa chini unaingia dirishani unapiga kwenye magamba, watoto wangu wanazima hata zile taa ili waone.

Kila pambo liandikwe nyuma mwaka na herufi ya jina la mtoto kwa kalamu isiyofutika. Yakishushwa Januari yafungwe moja moja kwenye gazeti, yale ya unga kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana maana panya wanautafuna, na ndani weka soksi iliyojazwa mchele mkavu ifungwe mdomo, inavuta unyevu. Magamba yakae kwenye kopo la peke yake. Mwakani ukifungua hilo kopo ukakutana na harufu ya samaki, hata kidogo, ujue hayakusafishwa vizuri, yapanguse kwa kitambaa chenye ndimu bila kulowesha ile gundi, yaanike kivulini siku mbili, afu ndo yarudi mtini.